Nasaba ya Akina Gordon

Aberdeen

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na natumai mama amepata nafuu ya miguu. Sisi huku hatujambo, watoto wanakuamkia.

Umeniuliza kama ni kweli watoto wangu wana damu ya watawala, maana siku ya harusi wifi yangu alikuambia kwao ni uzao wa Duke wa Gordon, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha mabwana wa huku. Nimelishughulikia jambo hili kwa moyo wangu wote, na leo nakupa jibu.

Jina la Gordon peke yake si ushahidi. Akina Gordon walitawala Strathbogie, nchi ya huku kaskazini-mashariki mwa Uskoti, na magofu ya ngome yao yapo Huntly hadi leo. Bwana wa zamani alihitaji watu wa kulima na wa kupigana, nao wapangaji wakachukua jina lake ili wapate ulinzi. Husimuliwa kwamba wengine walilichukua kwa kipimo cha unga tu. Ndiyo maana mkoa huu umejaa Gordon wasio ndugu.

Basi nikaanza kwa mume wangu nikarudi nyuma kizazi baada ya kizazi, bila kuruka hata kimoja. Uskoti wametunza kumbukumbu vizuri. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vinaanza 1855, na sensa unazisoma kuanzia 1841. Nyuma ya hapo ni vitabu vya parokia, na kikongwe kuliko vyote ni cha Errol, cha 1553. Jambo lililonisaidia sana ni kwamba mwanamke wa Kiskoti hakupoteza jina la kwao: hata akifa bibi kizee, kwenye karatasi jina la baba yake lipo.

Cheti kilichonifungulia njia ni cha kifo, cha 1855 hasa. Mwaka ule wa kwanza makarani walitakiwa kuandika mambo mengi kupita kiasi: marehemu alizaliwa wapi, wazazi wake, watoto wake wote. Mwaka uliofuata wakapunguziwa. Babu huyu wa watoto wangu alikufa na miaka 81, kibarua wa shambani. Mama yake ameandikwa Gordon. Mahali pa baba pamepigwa mstari.

Nikafungua kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa za 1774, na hapo, somo, nililia. Binti mtumishi wa shamba, hana mume, ameitwa mbele ya mchungaji na wazee aseme mimba ni ya nani. Anamtaja kijana wa shamba la jirani. Kijana anakana. Wanamwita tena, wanambana, naye anamtaja yuleyule. Anaamriwa kusimama mbele ya waumini Jumapili tatu ili kila mtu amwone. Mwandiko ni wa kupendeza, na karani hakuandika hata neno moja la huruma. Mtoto akalelewa kwa jina la mama, na Gordon ya watoto wangu imetoka kwa binti huyo.

Wifi alinyong'onyea. Nikamweleza habari ya nyumba kuu yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 15 wanaume wa shina lile waliisha, akabaki Elizabeth Gordon, akaolewa na Alexander Seton. Mtoto wao akashika jina la mama, na 1445 akafanywa Earl wa Huntly, cheo cha chini ya Duke. Madyuki wote waliotoka humo, hadi cheo hicho kilipokufa 1836, kwa upande wa baba ni Seton. Alinitazama kwa muda, kisha akaniomba nimsomee tena ukurasa wa yule binti.

Ila nilimzuia jambo moja. Alikuwa amenunua fremu ya nembo ya Gordon, vichwa vitatu vya nguruwe mwitu vya dhahabu kwenye rangi ya buluu, akataka ichongwe kwenye kaburi la baba yake. Uskoti hakuna nembo ya kila mwenye jina. Nembo ni mali ya mtu mmoja, imeandikishwa kwenye daftari lililowekwa kwa sheria ya 1672, na Lord Lyon, msimamizi wa nembo zote za Uskoti, ana mahakama kamili ya kumshtaki anayeitumia bila haki. Sasa ameamua kwenye jiwe liandikwe jina la baba, na chini yake jina la yule binti.

Kwa hiyo jibu ni hili: ushahidi wa Duke sikuuona, na sitawaandikia wanangu nisichokiona. Wapo wanaojiunganisha na mfalme Robert Bruce kwa kunakili mti wa mtu mwingine huko mtandaoni, na baada ya miaka michache uongo huo unakuwa nasaba.

Nawe nakuomba. Ile shajara ya nasaba ya babu yako inayofika Hadhramaut, iliyomo sandukuni, ipige picha wiki hii, kila ukurasa, kabla mchwa hawajaifikia. Kisha muulize mama majina ya bibi zake, maana nakumbuka mle wameandikwa wanaume tu.

Nisalimie nyumba nzima.

Wako akupendaye,
Somo yako