Barua kwa mwanangu kabla hajafunga mizigo

Mwanangu mpenzi,

Nimeiona orodha uliyotutumia. Vitabu 52 kwa mwaka, kimoja kila wiki, na kila kimoja kina tarehe ya kukimaliza. Baba yako aliisoma kwa sauti, akajivuna, na mimi nikajivuna naye, maana kijana anayejipangia muda wa kusoma bila kusukumwa ni wa kushukuriwa. Usiku nikairudia peke yangu, usingizi ukapaa. Pembeni ya kila kitabu umeandika sababu: "kilipata tuzo", "wenzangu wote wamekisoma", "lazima nikijue". Nilitafuta hata kimoja ambacho umesema una hamu nacho. Sikukiona.

Unaondoka mwisho wa mwezi. Huko uendako utafanya kazi kutwa nzima, jioni urudi kwenye chumba ambacho hata jirani yake humjui. Saa zile, kuanzia magharibi mpaka usingizi ukushike, ndizo zinazonitia wasiwasi. Nilikuwa nikijiambia, mtoto huyu hatakuwa mpweke, anapenda riwaya. Sasa naona riwaya nazo umezifanya kazi ya pili. Je, unazifurahia bado? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Tuzo sizidharau. Lakini ujue zinavyotolewa. Tuzo ya Booker, ile ya Uingereza ya riwaya, huamuliwa na majaji watano kwa kawaida, na mwaka unaofuata huja wengine wenye ladha yao. Watu watano wamekubaliana mwaka mmoja, basi. Nobel ya fasihi hapewi mtu kwa kitabu kimoja, hupewa kwa kazi zake kwa jumla, kwa hiyo ukisikia fulani kaipata una hiari ya kuanzia popote. Annie Ernaux, yule mwandishi Mfaransa, alipoipata mwaka 2022 ulikimbilia kile kilichokuwa kinatajwa na kila mtu, ukakwama, ukasema mwandishi huyo hakufai. Anacho kingine, La Place, cha mwaka 1983, kinachomhusu baba yake. Ni chembamba, jioni mbili unakimaliza, na ameiacha lugha yake kavu kwa makusudi, hakuna sentensi inayokuomba ulie. Nadhani kile kingekupata. Lakini hukuuliza, uliangalia orodha.

Ulishawahi kuniuliza nilimjuaje Abdulrazak Gurnah kabla ya Nobel yake ya 2021. Sikuwa na elimu yoyote ya siri. Nilikifungua Paradise, riwaya yake ya 1994, nikiwa bado nimesimama. Pale mwanzoni kuna kijana, Yusuf, ana miaka 12. Anafurahi kila mgeni fulani mfanyabiashara anapokuja kwao, kwa sababu mgeni huyo akiaga humwachia sarafu. Kijana anaingoja sarafu. Hajui kwamba safari moja mgeni ataondoka naye yeye mwenyewe, kwa sababu baba yake ana deni. Nilipofika hapo nilitafuta pa kukaa. Sasa kipo kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, nami nakuomba ukianze kwa Kiswahili, usome polepole, pengine kwa sauti.

Hivyo ndivyo ninavyochagua, na sijaona njia bora zaidi. Soma ukurasa wa kwanza, halafu usiuamini. Ule ndio mwandishi na mhariri wameupiga pasi mara nyingi kuliko mingine yote. Nenda katikati, mahali popote penye mazungumzo, usome kurasa mbili tatu. Ziba majina ya wahusika kwa kidole: unaweza kujua nani anasema? Kama wote wana sauti moja, kirudishe. Kama unajikuta unataka kujua huyu mwanamke amemkasirikia nani na kwa nini, hata ukiwa hujui mwanzo wake, kichukue hicho hata kama hakuna aliyewahi kukisifia. Maneno matamu ya nyuma ya jalada yaache. Yamewekwa pale na mchapishaji ili kitabu kiuzwe.

Kikikuchosha, kiache. Hili nalisema tena kwa sababu najua ukaidi wako, ule ule uliokufikisha hapo ulipo na ninaouonea fahari. Yuko mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, aliyewapa wasomaji kanuni: soma kurasa 50, kama hujanasa achana nacho. Ukivuka miaka 50 unatoa umri wako katika 100, zinazobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Mfaransa Daniel Pennac naye, mwaka 1992, aliorodhesha haki kumi za msomaji, na kutomaliza kitabu ni mojawapo, kuruka kurasa ni nyingine. Wewe mwezi uliopita ulimaliza riwaya nene ambayo uliichukia tangu sura ya pili, ukatutangazia kwamba umeimaliza. Nilikuuliza inahusu nini, ukanijibu kwa sentensi moja. Mwanangu, kwa nini?

Halafu hilo la kusikiliza vitabu kwa kasi maradufu. Yule anayekusomea kitabu kwa sauti akinyamaza kidogo mahali, amenyamaza kwa sababu. Wewe unazikata pumzi zake.

Kuhusu kumbukumbu za maisha, umejaza za watu mashuhuri. Soma, ila ujue nyingi zina mkono wa mwandishi mwingine. Open ya Andre Agassi, ya 2009, na Spare ya Prince Harry, ya 2023, zote mbili ziliandikwa kwa msaada wa mtu yule yule, J.R. Moehringer. Sioni aibu katika hilo. Ile ya Agassi ningekupendekezea hata wewe usiyetazama michezo, kwa sababu anasema mapema kabisa kwamba anauchukia mchezo wa tenisi, mchezo uliompa kila kitu, na unabaki kutaka kujua mtu anaishije hivyo. Hicho ndicho ninachokitafuta mimi katika kumbukumbu: je, mwandishi anajihurumia, au anajitazama? Akiwa shujaa katika kila sura, nafunga.

Tena angalia maelezo ya mwandishi mwanzoni, yanayosema kama majina yamebadilishwa au matukio yameunganishwa. Yasome. Kitabu cha James Frey kuhusu uraibu wake, A Million Little Pieces, kilitoka 2003 kama habari ya kweli, na mwaka 2006 ikabainika kwamba sehemu zake alizibuni au alizitia chumvi. Ameeleza kifungo cha karibu miezi mitatu, kumbe alishikiliwa saa chache tu. Waliolia naye walijiona wamechezewa, na nawaelewa. Riwaya ina ruhusa ya kubuni, kumbukumbu imekupa ahadi.

Kimoja kwenye orodha yako nakuomba ukisogeze: When Breath Becomes Air cha Paul Kalanithi. Umekipangia wiki ya kwanza ugenini. Ni kitabu kizuri sana. Alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, akapata saratani ya mapafu, akafariki Machi 2015, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata, mkewe akiwa ameandika maneno ya mwisho. Lakini si cha mtu aliye peke yake katika chumba kipya. Wiki ile chukua kitu chenye vituko, chenye watu wengi wanaogombana na kupatana, hata kama ni cha upelelezi na hakina tuzo yoyote. Hakuna anayekukagua, na mimi pia sitakukagua.

Nakurudisha pale pale: unazifurahia? Kama jibu ni hapana, futa tarehe zote kwenye orodha ile, ubakize majina, uchague kwa hamu ya siku hiyo.

Baba yako amepima begi, limezidi uzito kwa ajili ya vitabu, na amekataa katakata kutoa koti. Kwa hiyo vitabu sita vitabaki. Mdogo wako ameshaanza kuhamishia vitu vyake kwenye rafu yako. Nimemwambia asubiri uondoke, akanuna, lakini jana nilimkuta amelala na ile riwaya yako ya kijani kifuani, taa inawaka, kwa hiyo usije ukaibeba, mwachie. Miwani ya baba yako imevunjika mkono tena. Na kile kitabu ulichoazima kwa shangazi yako, chenye jalada lililochanika, kirudishe Jumamosi wewe mwenyewe kwa mkono wako, usimtume mtu, maana atataka mzungumze habari za yule mke wa pili na mimi nimechoka kuulizwa. Andika majina ya vile sita utakavyoviacha, nivitafutie sanduku lisiloingia unyevu.

Mama yako