Wazee wachangiwe wakiwa hai

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wazee wanaoishi peke yao vijijini hapa Tabora, kuanzia Sikonge hadi Nzega, wakati watoto wao wako mjini na wana uwezo. Mzazi akifariki, kwa siku moja tu ukoo huunda kamati, hufungua kundi la simu na kukusanya fedha za jeneza, turubai, usafiri na chakula cha waombolezaji. Fedha hizo hupatikana hata kwa watu ambao hawakumjulia hali marehemu mwaka mzima. Jambo hili linaniumiza. Upendo huo ungemfaa zaidi angali anaweza kuuona.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo yake. Serikali inaweza kumsamehe gharama za matibabu, lakini haiwezi kumchotea maji wala kukaa naye jioni akizungumza. Na pesa ya simu pekee haitoshi. Mara nyingine mzee hana hata wa kumtuma akaitoe kwa wakala.

Napendekeza kamati zile za msiba ziundwe mapema: ndugu wapange zamu za kumtembelea mzee, wachange kidogo kila mwezi, na jirani mmoja akabidhiwe jukumu la kumwangalia. Wenyeviti wa vijiji, mashehe na wachungaji wanaweza kulianzisha hili wiki hii.

Msomaji wako,
Tabora