Dereva aliyekufa hawezi kujitetea: Risala ya wahitimu wa mafunzo ya treni za mizigo kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na wakufunzi wetu,
Wazee wetu mliostaafu kazi ya reli,
Wajane, yatima na wazazi mliofiwa relini, mliokubali mwaliko wetu,
Ndugu wazazi na wageni waalikwa,
Wahitimu wenzangu,

Awali ya yote tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako na kuja kutukabidhi vyeti. Mbele yako wamesimama madereva wa treni za mizigo, wasaidizi wao, waongoza treni wa vituoni na mafundi wa njia. Kila mmoja wetu anakwenda kuanza kazi akijua kwamba uhai wake utakuwa mikononi mwa hao wengine.

Imezoeleka kwamba risala ya wahitimu hueleza mafanikio ya chuo, kisha huomba vifaa. Mafanikio yapo, na Mkuu wa Chuo ameyaeleza vizuri kuliko tunavyoweza sisi. Muda wetu tumekubaliana tuutumie kuwasemea wenzetu waliokufa kazini treni zilipogongana. Kazi waliyofia ndiyo tunayokwenda kuishika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, treni ya mizigo yenye mabehewa mia moja yaliyosheheni, ikienda kilomita 80 au 90 kwa saa, huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu ili isimame, hata breki zote zikifungwa kwa mara moja. Gurudumu ni chuma na reli ni chuma. Dereva anayetokea kwenye kona akaona taa za treni nyingine mbele yake kwenye njia hiyohiyo, tayari amechelewa, na hana usukani wa kukwepea. Kilichobaki ni kufunga breki ya dharura, kupiga honi, na kuamua ndani ya sekunde chache kama ataruka au atabaki.

Kwa kuwa treni hizo hazibebi abiria, habari zake hupita upesi. Tunasoma kwamba wafanyakazi wawili au watatu wamepoteza maisha, mabehewa kadhaa yameharibika, na njia itafunguliwa kesho. Baada ya muda hufuata sentensi moja: chanzo ni uzembe wa dereva. Dereva mwenyewe yuko kaburini, hawezi kuulizwa alilala saa ngapi, aliona nini, au ni mara ngapi alisema breki haishiki akaambiwa aendelee na safari.

Hilo ndilo lililotuleta mbele yako. Tunaomba asizikwe mfanyakazi wa reli pamoja na lawama yote, kabla hawajahojiwa waliompangia zamu, waliompima afya, waliokagua treni yake na walioshika fungu la fedha za usalama.

Mheshimiwa, katika mafunzo yetu tumesoma ripoti nyingi za ajali. Iliyotugusa kuliko zote ni ya Hinton, katika jimbo la Alberta nchini Kanada. Tarehe 8 Februari 1986 treni ya mizigo ilipita taa nyekundu mahali ambapo njia mbili zinaungana kuwa moja, ikagongana uso kwa uso na treni ya abiria. Watu 23 walikufa, wakiwemo dereva na msaidizi wake waliokuwa kwenye kichwa cha treni ya mizigo. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba dereva alipita taa nyekundu, na faili likafungwa. Jaji René Foisy, aliyeongoza tume ya uchunguzi, alikataa kuishia hapo. Alikuta wafanyakazi waliochoka kwa ratiba zisizotabirika. Alikuta hali mbaya ya afya ya dereva, ambayo mwajiri hakuifuatilia ipasavyo. Alikuta mtindo wa kubadilishana zamu treni ikiwa inatembea ili kuokoa muda na mafuta, hata jaribio la breki lililotakiwa na kanuni likarukwa. Alikuta pia kwamba pedali ya usalama, ile inayosimamisha treni dereva akizimia au akifa, ilikuwa imezoeleka kubanwa kwa kitu kizito ili isisumbue mguu.

Tunaomba uliangalie hili la mwisho, Mheshimiwa. Pedali hiyo haikubanwa na mtu mmoja aliyekosa akili. Watu wengi waliizoea kwa miaka, na wakubwa wao walijua au hawakutaka kujua. Jaji Foisy alieleza utamaduni mzima wa kazi uliosifu uaminifu na kasi ya uzalishaji huku usalama ukiachwa nyuma. Kijana mwenye cheti kipya akiingia katika utamaduni wa namna hiyo atafuata anachofanya mkubwa wake, hata kama darasani alifundishwa vingine. Ndiyo sababu tunayasema haya leo, tukiwa bado tunakumbuka tulichofundishwa.

Mfano wa pili unahusu macho. Tarehe 24 Juni 2012, karibu na Goodwell, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, treni mbili za mizigo ziligongana uso kwa uso asubuhi kweupe. Wafanyakazi watatu walikufa, wa nne aliruka akapona. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya nchi hiyo, NTSB, ilichunguza ikabaini kwamba dereva wa treni iliyokuwa ikielekea mashariki alikuwa na maradhi ya macho ya muda mrefu, na uoni wake ulikuwa umefifia kiasi cha kushindwa kusoma taa za ishara. Msaidizi wake, aliyekuwa na wajibu wa kuzisoma taa hizo pamoja naye na kufunga breki ikibidi, hakuchukua hatua. Upimaji wa afya wa kazini haukumwondoa mtu huyo kwenye usukani wa maelfu ya tani.

Sisi tunajiuliza kwa nini mtu afike hapo. Tunaamini jibu lipo kwenye riziki. Mfanyakazi anayeona macho yanafifia, au anayeamka usiku akikabwa na pumzi, anajua akilisema hilo unga wake umemwagika. Kwa hiyo ananyamaza, anazoea njia kwa kichwa, anasoma taa kwa kubahatisha. Tunaomba waajiri wote wa reli wawe na utaratibu wa kumhamishia mgonjwa kazi nyingine bila kumpunguzia mshahara papo hapo, ili kusema ukweli kusimfukarishe. Bila utaratibu huo, kipimo hata kiwe kizuri namna gani kitadanganywa.

Tarehe hiyohiyo ya 24 Juni, miaka kumi kabla, mwaka 2002, nchini Tanzania treni ya abiria ilishindwa kuendelea mlimani karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Ilirudi nyuma mteremkoni pasipo breki kuishika, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Tunawakumbuka wote, na tunaomba tusimame kwa ukimya kidogo.

Ahsanteni. Tuketi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuje kwenye usingizi, ambao tunaogopa kuliko kona na kuliko milima. Treni za mizigo nyingi hazina saa maalumu. Mfanyakazi hukaa nyumbani akisubiri simu. Pengine amelala mchana akidhani ataitwa saa mbili usiku, akaitwa saa tisa usiku, muda ambao mwili wa binadamu umeumbwa ulale. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kutoka Australia ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Katika nchi nyingi kiwango hicho humtoa mtu barabarani. Relini anapewa treni.

Tarehe 17 Aprili 2011, karibu na Red Oak, jimbo la Iowa nchini Marekani, treni ya makaa ya mawe iligonga kwa nyuma treni ya matengenezo ya njia iliyokuwa imesimama. Dereva na msaidizi wake walikufa, na uchunguzi ukahitimisha kwamba wote wawili walikuwa wamepitiwa na usingizi kwa sababu ya uchovu. Wapo wanaotuambia kwamba mtu wa pili kwenye kichwa cha treni ni gharama isiyo na faida. Sisi tunamtaka mtu wa pili, na tutaendelea kumdai. Lakini Red Oak inatufundisha kwamba watu wawili waliochoka hawamwamshi yeyote. Anayetupa mwenzetu bila kutupa saa za kulala amefanya nusu ya kazi.

Kuna na ajali ambazo dereva hakukosea lolote. Mwezi Oktoba 2018, huko Granite Canyon, jimbo la Wyoming, treni ya mizigo ilishuka mlima hewa ikiwa haipiti sawasawa kwenye bomba la breki. Dereva alipoamuru breki ya dharura, kifaa cha mkiani, kile kinachopokea amri hiyo kwa redio ili breki zifunge kuanzia nyuma pia, hakikuitika. Treni ikaparamia nyingine iliyokuwa imesimama, na wafanyakazi wawili wakafa. Kwa mafundi wa mabehewa walio kati yetu ripoti hiyo ni ya kusomwa mara kwa mara, kwa sababu makosa ya karakana hulipwa na mtu aliye mbali na karakana.

Mheshimiwa, inauma zaidi kujua kwamba dawa ya migongano mingi ilijulikana zamani. Mwaka 1969 treni mbili ziligongana Darien, jimbo la Connecticut, na NTSB ikaanza kupendekeza mfumo utakaosimamisha treni wenyewe pale binadamu anaposhindwa. Mapendekezo yalirudiwa miaka nenda miaka rudi. Sheria ya kulazimisha mfumo huo ilipitishwa mwaka 2008, baada ya treni ya abiria na ya mizigo kugongana Chatsworth, California, na kuua watu 25. Kazi ya kuufunga kwenye njia zilizotajwa na sheria ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2020. Katika kipindi hicho bodi hiyo ilihesabu ajali zaidi ya 150 ambazo mfumo ungeweza kuzizuia, na zaidi ya watu 300 waliokufa ndani yake. Miaka hamsini! Wapo wafanyakazi waliozaliwa, wakasoma, wakaajiriwa na wakafa wakati pendekezo likingoja fedha.

Na tusidhani ni habari za zamani. Usiku wa tarehe 28 Februari 2023, katika bonde la Tempi nchini Ugiriki, treni ya abiria na ya mizigo zilikutana kwenye njia moja, watu 57 wakafa, wakiwemo wafanyakazi wa treni zote mbili. Mkuu wa stesheni alikamatwa upesi. Lakini vyama vya wafanyakazi wa reli vilikuwa vimeshaonya juu ya mifumo ya ishara isiyofanya kazi, na mkataba wa kuikarabati, uliosainiwa mwaka 2014, ulikuwa haujakamilishwa. Mtu mmoja aliachiwa usiku awe ndiye ukuta pekee kati ya treni mbili. Akikosea tunamwita mhalifu. Waliomwachia kazi ya mashine peke yake tunawaitaje?

Hatusemi haya ili kila anayevunja kanuni asamehewe. Anayelewa kazini, anayechezea simu mbele ya taa nyekundu, anayesaini kwamba amekagua breki ambazo hakuzigusa, huyo aadhibiwe, na sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kumtaja. Tunaapa hivyo mbele ya familia hizi.

Kutoka kwako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba ulipeleke jambo hili mahali sauti yetu isikofika. Uchunguzi wa mgongano wowote unaoua ufanywe na chombo kisicho chini ya mwendeshaji wa reli, na ripoti yake itangazwe kwa lugha ambayo mjane wa dereva ataisoma na kuielewa. Ripoti hiyo iseme mapendekezo gani ya ajali zilizopita hayakutekelezwa, na kwa nini. Dereva anayekataa kuondoa treni yenye breki mbovu, au anayesema nimechoka siwezi, alindwe kwa maandishi. Leo analindwa kwa maneno tu, na maneno hayasaidii mtu anapoitwa ofisini kueleza kwa nini mzigo umechelewa.

Tusiwasahau wanaobaki. Yule aliyeruka akapona huku mwenzake akifa, gadi aliyesikia redio ikinyamaza, genge la njia lililoitwa usiku kukata vyuma na kutoa miili ya watu waliokunywa nao chai jana yake: mara nyingi hawa hupewa siku chache za mapumziko, kisha hurudishwa kupita mahali palepale. Wapatiwe mshauri nasaha tangu siku ya kwanza, na wasilazimishwe kurudi njiani mpaka wawe tayari.

Ombi letu la mwisho linahusu wageni wetu walioketi safu ya mbele. Uchunguzi mzuri huchukua mwaka, wakati mwingine zaidi, na sisi ndio tunaoutaka uwe wa kina. Lakini ada ya shule na kodi ya nyumba havisubiri ripoti. Tunaomba familia ya mfanyakazi aliyefia kazini ianze kulipwa mara tu anapozikwa, bila kungoja iamuliwe nani alikosea. Hata ikithibitika kwamba marehemu alikosea, watoto wake hawakuwa kwenye treni ile.

Orodha ya maombi haya tumeiandika na kuisaini sote. Mwenzetu ataikabidhi kwako sasa, kabla vyeti havijaanza kutolewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.