Herufi Q bila U

Mpendwa Salome,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka sana pale uliposema kwamba ukishaokota Q kwenye Scrabble, mchezo wetu wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, unaona afadhali ukunje ubao ukalale. Umeniomba orodha ya maneno mafupi ya Kiingereza yenye Q lakini yasiyohitaji U. Nitakupa, ila sitayapanga kialfabeti. Ukiyakariri hivyo yatakutoka kichwani mara moja. Afadhali uyajue kwa ukoo wake, kila neno na lilikotoka.

Q kuambatana na U ni urithi wa Kilatini. Waingereza wa kale hawakuwa na haja nayo. Malkia walimwandika "cwen", na neno ambalo leo ni "quick" lilikuwa "cwic". Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, tahajia yao ikaja nyuma yao, na polepole "cw" ikawa "qu". Basi ukiiona Q ya Kiingereza imesimama peke yake, karibu kila mara hilo ni neno lililopokewa baadaye kutoka lugha nyingine.

La kwanza kabisa ulishike ni "qi". Ni nguvu ya uhai inayozunguka mwilini katika fikra na tiba za Kichina. Hutamkwa kama "chi", na zamani Wazungu waliliandika kwa "ch". Q imeletwa na pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini uliopitishwa na China mwaka 1958. Katika orodha rasmi ya wachezaji wa Amerika Kaskazini, "qi" liliingia mwaka 2006, na kwa maoni yangu hakuna neno lililoubadilisha mchezo kuliko hilo. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ili ajue kila moja itolewe mara ngapi. Ndiyo maana ndani ya mfuko wa vipande mna I 9 lakini U 4 tu. Unaposubiri U, unasubiri kitu adimu, huku I zimejaa tele. Tena, Q ina alama 10 na I ina 1: Q ikikaa kwenye mraba wa kuzidisha herufi mara tatu, na ukasoma "qi" kwa kulala na kwa kusimama, unapata alama 62 kwa neno la herufi mbili! Wingi wake ni "qis", nalo linakubalika.

Sasa njoo kwenye ukoo mkubwa, ambao wewe na mimi tunaujua bila kujua kwamba tunaujua. Kiarabu kina herufi ya qaf, inayotamkwa nyuma kabisa kooni. Kiswahili kilipoyachukua maneno yenye sauti hiyo kiliiandika K, Kiingereza mara nyingi kikaiandika Q. Kwa hiyo tazama: "qadi" ni kadhi, "talaq" ni talaka, "niqab" ni nikabu, "qibla" ni kibla, "waqf" ni wakfu. Hata "suq" ni soko lile lile, ingawa hilo lina U, ila imetangulia mbele ya Q badala ya kufuata. Mwingereza huyakariri maneno haya kwa jasho. Wewe yako kinywani mwako tangu utotoni, unabadilisha herufi tu.

Lakini angalia, maana nyingine zimesogea. "Faqir" kwetu ni fakiri, mtu asiye na kitu. Kwa Kiingereza ni mcha Mungu, Mwislamu au Mhindu, aliyeacha mali kwa hiari na kuishi kwa kuomba. Na usichanganye "qadi" na "qaid". Herufi ni zilezile nne, ila wa pili si hakimu bali ni kiongozi au mkuu wa kabila huko Afrika Kaskazini. Kwa mchezaji, hiyo ni neema: ukiwa na Q, A, I na D una njia mbili za kuzipanga, na mara nyingi ubao unakubali moja tu.

"Qat" ni miraa, au mirungi ukipenda. Huandikwa pia "khat" na "kat", na tahajia zote tatu ni halali, kwa hiyo hata mkono usio na Q unaweza kunufaika. "Qanat" ninalipenda kuliko yote, japo si la kila siku. Ni mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kuyaleta maji kutoka miinukoni hadi mashambani kwa mteremko wake wenyewe, bila pampu yoyote. Iran inayo mingi, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia.

Mengine nayapitia haraka. "Qoph" ni herufi ya 19 ya Kiebrania, ndugu wa qaf. "Umiaq" ni mashua ya ngozi ya Wainuiti, wenyeji wa Aktiki. Lina U, lakini iko mbali. "Tranq" ni dawa ya kutuliza, na hilo ni la Kiingereza chenyewe: neno refu limekatwa katikati, U ikabaki upande uliotupwa. Iraq na Qatar usihangaike nazo, majina ya nchi hayaruhusiwi.

Utaniuliza maana za nini, ikiwa mchezo hauzihitaji. Ni kweli hauzihitaji. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukizungumza Kifaransa. Alikariri orodha ya maneno tu. Mwenye kichwa cha namna hiyo na afanye hivyo. Sisi wengine neno tusilolijua maana hulisahau saa ile ile tunapolihitaji.

Kabla hujacheza na wenzako, kubalianeni kwanza ni orodha ipi. Ya Collins, wachapishaji kamusi wa Uingereza, ni pana kuliko ya Amerika Kaskazini, na ugomvi mwingi mezani huanzia hapo. Na mfuko ukishakaribia kuisha, usiitunze Q kwa matumaini ya neno kubwa. Mwenzio akimaliza vipande vyake ukiwa bado nayo, unakatwa alama 10, naye anaongezewa 10 hizohizo. Iteremshe hata kwa "qi" ya alama 11.

Ukitaka, barua ijayo nitakuandikia ya maneno yasiyo na irabu hata moja, kama "cwm" na "nth". Hayo nayo yana visa vyake.

Wako,
Rehema