YAH: GARI KURUDISHWA BOVU KULIKO LILIVYOKUJA, NA LUGHA YA KAUNTANI KWENU

Kwa Meneja wa Gereji,
Tabora.

Salaam. Naandika kwa heshima, ila naomba heshima hiyo msiichukulie kuwa upole.

Gari mnalijua: Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE, lile linalonuka asali ya Sikonge. Shida yake niliiandikisha kwenye karatasi yenu wenyewe: asubuhi likiwa limepoa, selfu inazunguka vizuri lakini haliwaki, likiwaka, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) iko chini, linatetemeka na kuzima. Likishapata moto halina neno. Fundi akisikia hivyo ana pa kuanzia. Ninyi mkaanzia kwenye pochi yangu.

Mkafunga plagi mpya, mkabadilisha pampu ya mafuta. Asubuhi iliyofuata, na baridi hii ya Juni, likagoma vilevile. Niliporudi, msimamizi wenu akaniambia mashine ya kupimia haisomi magari ya zamani, kwa hiyo "itakuwa" kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini, nitangulize nusu ya bei waagize ya mtumba kutoka Dar. Itakuwa! Nikalipa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku niliyokuja kuulizia boksi, kijana wenu wa kaunta aliinua ufunguo wangu kwa vidole viwili kama aliyeshika mkia wa panya, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, gari kama hili halitengenezwi, linasindikizwa." Watu wakacheka. Akautupa ufunguo kaunta, ukateleza ukaanguka sakafuni. Nikainama nikauokota mwenyewe.

Nikaondoa gari. Mzee mmoja fundi wa Ng'ambo, asiye na kompyuta wala kaunta, alifungua kile kiboksi cha kupimia hitilafu kilicho chini ya boneti, akaunganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi. Taa ya injini kwenye dashibodi ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena. Namba 22: sensa ya joto la maji. Akaichomoa, akaipima kwa mita, imekatika ndani. Iliyo nzima husoma ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na maji yakifika nyuzi 80 hushuka kati ya 200 na 400. Ikikatika, kontrolo boksi hujichukulia kwamba maji yako nyuzi 80, basi injini iliyolala kwenye baridi inapewa mafuta kidogo ya injini iliyokwisha kupata moto. Itawakaje? Boksi mliloniambia ni bovu ndilo lililokuwa linasema ukweli, na sensa yenyewe bei yake haifiki robo ya pampu yenu.

Akakuta na mpira wa upepo wa menifodi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, umechomoka, mafundi wenu waliuacha hivyo walipokuwa kwenye plagi. Ndiyo maana tangu litoke kwenu sailensi ilianza kupanda na kushuka, hata likanizimikia mbele ya stesheni abiria wa treni ya Kigoma wakishuka, nikipigiwa honi na kila bajaji. Na kabla ya hayo, siku ya pampu, niliomba ile ya zamani nikajibiwa imeshatupwa. Imetupwa na nani, kwa ruhusa ya nani?

Narudia la kauntani, maana najua mtasema ni utani wa vijana. Nilikuwa na mkwe wangu. Mume wa binti yangu, aliyekuja kunisaidia kusukuma gari, alikuwa amesimama nyuma yangu kijana aliposema "linasindikizwa". Ufunguo ulipoanguka, ulianguka karibu na viatu vyake, na mimi ndiye niliyepiga magoti mbele ya mkwe wangu kuutafuta chini ya benchi, huku kijana ameshageukia simu yake. Msimamizi alikuwepo. Alicheka pia. Ninyi ni watu wa hapahapa, sihitaji kuwafafanulia.

Dhamana yenu ya kazi imebandikwa ukutani, isomeni. Nataka fedha ya pampu na ya ufundi. Nataka na ile nusu ya boksi, Sh 150,000, kwa kuwa boksi sikuliona. Nataka pampu yangu ya zamani, maana naanza kuamini haikuwa mbovu. Na kijana pamoja na msimamizi wake waniombe radhi kwenye kaunta ileile, mkwe wangu akiwepo, kwa sauti ileile.

Nawapa siku 7. Zikipita, malalamiko haya nayapeleka Tume ya Ushindani, ambao Sheria ya Ushindani ya 2003 inawapa kazi ya kumlinda mlaji. Halafu nakwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, na risiti zenu zote za kuandikwa kwa mkono, kwa kuwa kila nilipolipa mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi ilikuwa "haina mtandao". Huko mtaeleza mtandao ulikwenda wapi.

Mleta barua ana nakala. Igongeni muhuri wa kupokea, siku zinahesabiwa kuanzia hapo.

Mteja wenu,
(saini)