Tuelezwe nani ameshika mfuko huko Marekani

Mombasa, mwishoni mwa Mei 2009

Kwa Mhariri,

Kila siku baada ya sala ya alasiri huwasomea wazee wenzangu gazeti lako barazani hapa Kibokoni, Mji wa Kale. Wawili macho yamewapungua, wengine wanapenda tu kusikiliza huku kahawa ikipita. Tangu Barack Obama aapishwe tarehe 20 Januari hatujaikosa habari yake hata moja. Wiki iliyopita nilisoma habari, nikaulizwa swali, nikashindwa kulijibu. Nikarudi kwenye ukurasa kutafuta jibu, sikulipata.

Habari yenyewe ilikuwa ya Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani huko Kuba walikofungwa washukiwa wa ugaidi. Jumatano ya tarehe 20 Mei, Seneti, yaani baraza la juu la Bunge la Marekani, ilipiga kura 90 kwa 6 kumnyima rais dola milioni 80 alizoomba ili alifunge gereza hilo. Gazeti likatuambia kwamba wenzake wa chama wamemgeuka, basi. Mzee mmoja akanikatiza: "Hebu ngoja, Bwana. Si alitia saini Januari kwamba gereza lifungwe ndani ya mwaka mmoja? Na si chama chake ndicho chenye wengi humo? Rais akishaamuru, nani tena wa kumkatalia?"

Swali hilo ni la haki kabisa kwa mtu aliyeishi chini ya marais wetu. Sisi tumezoea kwamba neno la Ikulu likitoka jioni kwenye redio, asubuhi limekuwa sheria. Ilinibidi usiku ule nikeshe na idhaa za Kiswahili za London na Washington ndipo nikaelewa. Amri aliyotia saini tarehe 22 Januari ni amri kwa watumishi wake mwenyewe, yaani jeshi na wizara. Fedha za kuwahamisha watu na kuwatafutia mahabusu kwingine hana yeye, zimo mikononi mwa Bunge la nchi, na Bunge lilitaka kwanza kuonyeshwa mpango. Mle gerezani wamebaki watu wapatao 240. Kila seneta anajua wapiga kura wake watamuuliza kama hao wataletwa kwenye jimbo lao. Wengi wa wale 90 hawakumkana Obama. Walikataa kutoa fedha kabla ya kuambiwa watu hao wanapelekwa wapi.

Nilipowaeleza hivyo kesho yake, baraza zima lilinyamaza kusikiliza, na nadhani unajua kwa nini. Guantanamo kwetu si jina la mbali. Yupo huko kijana aliyekamatwa hapa hapa Mombasa mwaka 2007, hajapelekwa mbele ya hakimu yeyote. Yupo pia Mtanzania anayeshtakiwa kwa mabomu ya kwenye balozi za Marekani ya tarehe 7 Agosti 1998, yaliyoua zaidi ya watu 200 Nairobi na Dar es Salaam. Alhamisi ya tarehe 21 Mei, siku moja tu baada ya kura ile, serikali ya Obama ilitangaza kwamba huyo atahamishiwa New York ashtakiwe katika mahakama ya kiraia. Na siku hiyo hiyo Rais Kikwete alikuwa mgeni wa White House, kiongozi wa kwanza wa Afrika kupokewa na Obama mle ndani.

Picha ya marais hao wawili mliichapisha kubwa, na tulifurahi nayo, mwenzetu mwenye ndugu Tanga akaomba akatiwe aende nayo nyumbani. Habari ya kesi ya New York niliikuta chini ya ukurasa wa ndani, mistari michache. Mhariri, wako wajane Nairobi waliosubiri miaka kumi na ushei kuona kesi hiyo. Wako watu waliotoka Nyumba ya Ushirika, jengo la jirani na ubalozi, bila macho. Kwao, ugomvi wa Seneti juu ya nani ahamishwe na kwa fedha zipi ndio habari ya ukurasa wa kwanza.

Mambo mengine ya miezi hii minne yamepita hivyo hivyo. Mwezi Februari Tom Daschle, aliyeteuliwa kuwa waziri wa afya, alijitoa kwa sababu ya kodi ambayo hakuilipa kwa wakati, kubwa ikiwa ya gari na dereva aliokuwa amepewa na rafiki. Obama akasimama kwenye televisheni akakiri kwamba kosa ni lake. Nilisoma kwamba ni pigo kwa rais mpya. Sawa, pigo lilikuwepo. Lakini katika nchi yetu hii, ambayo wabunge wake walikataa mwaka jana kutozwa kodi ya marupurupu, hapo palikuwa na la kuandika zaidi ya pigo.

Au chukua sheria ya kufufua uchumi, ya dola bilioni 787. Katika Baraza la Wawakilishi, baraza la pili la Bunge lao, hakuna mtu hata mmoja wa chama pinzani cha Republican aliyeiunga mkono. Katika Seneti, kwa kanuni za huko, ilihitaji kura 60 kati ya 100, na usiku wa tarehe 13 Februari walikuwepo 59 tu. Ikabidi wangoje kwa saa kadhaa mpaka seneta wa Ohio, Sherrod Brown, aletwe kwa ndege kutoka kwenye msiba wa mamake, akapige kura ya 60, kisha akarudi kuzika. Habari hii nimeisimulia barazani mara tatu, kwa kuombwa. Mzee asiyejua kusoma sasa anajua kwa nini 60, na kwa nini 59 haitoshi.

Ombi langu ni dogo. Kila mnapoandika kwamba Obama ameshinda au ameshindwa, ongezeni mistari minne: jambo hilo lilimhitaji nani, kura ngapi, na fedha zinatolewa na nani. Mwezi Aprili seneta Specter wa Pennsylvania alihama Republican akaingia chama cha Obama, Democratic, wakafika 59. Kiti cha useneta cha Minnesota, kinachoweza kuwapa wa 60, bado kiko mahakamani tangu uchaguzi wa Novemba. Sasa rais amemteua Jaji Sonia Sotomayor kwa Mahakama ya Juu, na nyuma yake unakuja mswada wa bima ya afya. Yote yatapita katika Seneti hiyo hiyo, na barazani wameshaanza kuniuliza kiti cha Minnesota kitaamuliwa lini.

Mstaafu wa bandari,
Kibokoni, Mombasa