Si uvivu, ni maji

Ndugu Mhariri,

Ile taarifa yenu ya wiki iliyopita, iliyodai kuwa wafugaji wadogo wa Dodoma tunapata maziwa kidogo kwa sababu ya uvivu, imenilazimu kushika kalamu, ingawa nimekuwa msomaji wenu kwa miaka 11 bila kuwaandikia hata mstari mmoja.

Nina ng'ombe watatu chotara upande wa barabara ya Singida. Mimi na mke wangu tunaamka saa 10 alfajiri. Mmoja anazoa samadi na kujaza hori, mwingine anaosha viwele na kukamua, na saa 12 kijana wetu yuko njiani na baiskeli kupeleka maziwa kwa mama lishe. Mwandishi wenu hakuwahi kufika saa hizo.

Kinachotukwamisha ni maji. Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji, na ng'ombe anayekamuliwa, kwa jua letu la Oktoba, hunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Oktoba iliyopita bomba lilikauka siku tisa mfululizo. Tulinunua madumu ya lita 20 kwa wenye mikokoteni, kwa bei iliyopanda kila jioni, tukawapimia ng'ombe ndoo moja moja. Siku ya sita yule mkubwa, aliyekuwa akinipa lita 12, alitoa lita 4. Nilipomsogezea ndoo aliimaliza kwa pumzi moja, kisha akaendelea kuilamba ikiwa tupu, ulimi ukikwaruza plastiki, macho yamedidimia, na kila nilipotaka kuiondoa aliifuata kwa pua. Nilisimama pale zizini sina la kumfanyia. Nilipowapigia wahusika wa maji niliambiwa nivumilie. Nilivumilia, nikapoteza wateja wawili, na ng'ombe yule hakurudi kwenye lita zake 12 mpaka alipoacha kukamuliwa.

Mlitugusia pia ulishaji duni. Alizeti inalimwa na kukamuliwa hapa hapa kanda ya kati, lakini mashudu yake, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa na ambayo ni chakula cha ng'ombe, tunayaona yakipita juu ya malori, na gunia tunaloachiwa sisi, ukilimimina, unakuta mchanga chini. Nani apimaye magunia hayo kabla hayajauzwa?

Ninaloomba ni hili: msimu wa mgao, mitaa yenye ng'ombe wa maziwa ifunguliwe maji kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa 8 usiku hadi saa 11 alfajiri, ili tujaze matangi kabla ya jua kuchomoza. Ratiba ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na ikibadilika tuarifiwe siku mbili kabla. Na mwandishi wenu, kabla hajaandika tena juu yetu, aje Jumanne moja saa 10 alfajiri. Mlango wa zizi utakuwa wazi.

Mfugaji,
Dodoma